Bi Kizee Anavuka Tena

Jumatatu, 3 Oktoba 1983

Mvua tangu Leeds. Nimepanga chumba cha nyuma kwa Bi Crabtree, dirisha linatazama mto. Ukuta una ukungu. Amenionyesha mwenyewe kabla sijauliza, kama mtu anayemtambulisha mpangaji mwenzangu.

Kazi yenyewe: makala ndefu ya toleo la Krismasi kuhusu Edwin Sugden, mwongozaji wa filamu za katuni zinazochorwa kwa mkono, mwenye umri wa miaka sitini na minane. Nimeandika habari za mahakama, migomo na machimbo yaliyoporomoka. Nadhani nitamudu mzee anayechora.

Studio yake ni kanisa la zamani la Wamethodisti hapa Luddenshaw. Wachoraji wanakaa palipokuwa na viti vya waumini. Kamera imesimama chini ya mimbari, na jikoni, kina mama walikokuwa wakipika chai ya Jumapili, kuna sinki mbili na mwanamke mmoja, Doris Helliwell, mikono myekundu hadi viwikoni.

"Wewe ndiye wa gazeti?" akaniuliza. "Basi andika hivi: humu wote wanachora, Doris anafuta. Na mshahara wangu unafika mapema kuliko wa wengine."

Hakuwa anatania sana. Kila mchoro unanakiliwa kwenye plastiki angavu, unapakwa rangi na kupigwa picha, kisha plastiki inaoshwa ili itumike tena. Plastiki ni ghali na Yorkshire ni Yorkshire: hakuna kinachotupwa. Sheria ya nyumba ni moja: sanduku haliendi kwenye sinki mpaka Sugden alitie alama ya vema kwa penseli ya buluu. Alama ikiwepo, Doris haulizi.

Jumatano, 5 Oktoba

Mahojiano ya kwanza. Sugden ni mrefu, amevaa sweta iliyotoboka kiwiko, na ananiita "binti", ingawa nina miaka hamsini na minne.

Alianza kazi London akiwa na miaka ishirini na mitano, wakati wa vita, katika kikosi kilichotengeneza katuni za kufundisha watu kuua chawa na kubana matumizi ya makaa. Bosi wake alikuwa Bwana Prewett, mtu wa jicho moja. Kijana alipompelekea mchoro wake wa kwanza, Prewett aliutupa dirishani. Ilikuwa theluji. Basi likaukanyaga. Polisi aliyekuwa akiongoza magari akauokota na kuuinua juu, akauliza mwenye farasi huyu ni nani.

"Kumbe ulikuwa mchoro wa mbwa," Sugden akasema. "Nikashuka kuuchukua. Niliporudi juu, Prewett akaniambia neno moja tu: Rudia."

Neno hilo ndilo limemlisha tangu siku hiyo. Alirudia matangazo ya mchuzi na sabuni mpaka kampuni zikalia. Alirudia filamu fupi ya mtu anayetafuta kofia yake mpaka Wafaransa wakampa tuzo. Wachoraji waliotoka mikononi mwake wanasimuliana marudio kama askari wanavyosimuliana vita.

Ijumaa, 7 Oktoba

Mvua. Pai ya nyama, chai, pai ya nyama.

Jumatano, 12 Oktoba

Filamu yenyewe inaitwa Mlinzi wa Mlango wa Maji. Ni nusu saa, ya televisheni, itaonyeshwa siku inayofuata Krismasi. Ni ya kwanza kuwa yake kabisa, si ya mteja wala ya bosi. Inamhusu mama yake, aliyekuwa akilinda mlango wa mfereji, ule unaofungwa kuzuia maji, kilomita chache juu ya hapa. Mwisho wake ni onyesho la daraja: mafuriko yanakuja, bi kizee anavuka ubao mwembamba juu ya mlango, kandili mkononi, bata bukini nyuma yake, kwenda kufunga. Akifika katikati anageuka, anatutazama.

Onyesho hilo limekwisha kuchorwa na kupakwa rangi. Sanduku lake liko rafuni likingoja kamera. Clive Ogden, mpiga picha, anapiga kwa mfuatano, kwa hiyo la mwisho litapigwa mwisho.

Nimekaa na Maureen Tattersall, msaidizi wa Sugden tangu alipomaliza shule. Kazi yake inaitwa kusafisha. Sugden huchora haraka, mistari kumi mahali pa mmoja. Maureen huweka karatasi safi juu ya ile chafu, kwenye meza ya kioo yenye taa chini, na kuchora mstari mmoja.

"Unajuaje ni upi katika hiyo kumi?" nikamuuliza.

"Ule aliokusudia."

"Na kama hakuuchora?"

"Hata hivyo alikuwa ameukusudia," akasema, akapuliza vumbi la kifutio.

Jumanne, 18 Oktoba

Sugden ameanza kuchora onyesho la daraja upya, tangu karatasi ya kwanza.

Studio nzima imefurahi. Doris alitangaza kutoka jikoni: "Karudia! Nilisema mimi, mwezi hautaisha!" Clive alikuwa ameweka dau kwamba ni wiki ijayo, akatozwa duru ya bia. Nilimwuliza Sugden kilichomkera katika lile la kwanza.

"La kwanza lipi?" akasema, akaendelea kuchora.

Wote walicheka. Nami nikacheka. Nimeliandika jibu hilo kwa ajili ya makala.

Alhamisi, 20 Oktoba

Mto umepanda. Goti linauma.

Jumatano, 26 Oktoba

Giles Penhallow wa kampuni ya televisheni alinipigia simu kwa Bi Crabtree. Ana sauti ya mtu aliyekula chakula cha mchana vizuri.

"Bi Bairstow, wewe ni jicho la nje. Mzee wetu anaendeleaje?"

"Anachora."

"Nauliza kwa sababu tumesikia tetesi. Unajua amechoka, wanasema. Mkataba uko wazi: akishindwa, tunaichukua filamu na kuimalizia London. Kanisa linafungwa. Sipendi, lakini tarehe tisa Desemba nataka filamu mkononi."

Nilimwambia kwamba Sugden anakuja kazini kabla ya wote, na kwamba sasa anarudia onyesho la mwisho.

Alicheka kwa furaha. "Mungu wangu, ndiye yeye. Basi sina wasiwasi."

Jumanne, 1 Novemba

Mahojiano ya tano. Alinisimulia habari za Bwana Prewett. Ni mara ya tatu, na sikumkatiza, kwa sababu hadithi ikirudiwa ndipo ukweli hutoka. Mchoro ulitupwa dirishani. Theluji. Basi. Nilingoja polisi.

"Na polisi?" nikauliza.

"Polisi gani?"

"Aliyeuokota. Aliyedhani ni farasi."

Alinitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni anayesifu picha ya nyumba nyingine. "Hapakuwa na polisi, binti."

Jumamosi, 5 Novemba

Usiku wa mioto, ambao kila mwaka huchomwa sanamu ya msaliti wa kale. Mvua ilitupa nafasi ya saa moja. Studio nzima tulikwenda uwanjani. Doris aligawa keki ya tangawizi ngumu kama kigae, akisema asiye na meno aivunjie kichwani pa Clive. Sanamu ya majani ilichelewa kushika moto kwa unyevu, ikafuka moshi mweusi.

Tuligeuka, Sugden hayupo. Clive alimkuta kwenye mfereji, kwenye ule mlango wa mama yake, ambao ulizibwa zamani. Alikuwa amesimama kwenye ubao, buti zimejaa maji.

"Nilikuja kutazama anavyotembea," akamwambia Clive.

"Nani, mzee?"

"Nahitaji kuona uzito wake unaanguka mguu gani."

Njiani Clive alituambia: Hivi ndivyo walivyo wakubwa. Anakwenda kwenye mfereji gizani kwa ajili ya mguu. Kila mtu alitikisa kichwa kwa heshima. Maureen hakutikisa. Alikuwa akimfunga Sugden vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine.

Jumatano, 9 Novemba

Wenzake walipokwenda kula, Maureen aliniita kwenye meza yake. Aliwasha taa ya chini. Alichukua mchoro wa kwanza wa onyesho la daraja, ule wa Septemba, akauweka kwenye vipini, vile vijiti vya chuma vinavyoshika karatasi isisogee. Kisha akachukua mchoro wa kwanza wa lile la pili, akaulaza juu yake.

"Tazama."

Nilitazama. Sikuona michoro miwili. Niliona mmoja.

Akaweka wa kumi wa kwanza na wa kumi wa pili. Mmoja. Akaendelea kuchota kutoka katikati ya marundo, na kila mara mstari uliangukia juu ya mstari: kisigino, mkunjo wa sketi, shingo ya bata. Nimeona mashahidi waliokariri ushahidi mahakamani. Hata wao hukosea koma.

"Mtu akirudia," Maureen akasema, "ni kwa sababu hakupenda. Anabadilisha. Miaka yote hii hajawahi kurudia bila kubadilisha kitu. Wakati mwingine ni unyusi tu, lakini anabadilisha. Hapa hakubadilisha chochote. Hii si kurudia, Norah. Anachora kwa mara ya kwanza."

"Hajui kwamba ameshalichora."

"Hajui."

Nilimwuliza tangu lini. Akasema tangu majira ya kuchipua huenda, lakini katika studio ambayo watu wanasifiwa kwa kurudia, utajuaje? Kama mwashi angejenga ukuta uleule mara mbili, mkewe angeita daktari. Huyu walimnunulia bia.

Kisha akasema: "Lakini kuna kitu kimoja amebadilisha. Sijui kama ni kubadilisha."

Aliweka tena ule wa kumi, akaweka kidole kwenye mkono wa bi kizee. Katika mchoro wa Septemba mkono umeshika kandili. Katika wa pili vidole vimejikunja vilevile, uzito unavuta bega vilevile. Kandili haipo.

Nje maji yalikuwa yakipita kwenye mfereji wa paa kwa kelele. Maureen alizima taa.

"Mimi sikuombi chochote," akasema. "Wewe una kazi yako."

Alhamisi, 10 Novemba

Sikuandika makala leo. Nilipanda juu kwenye mlango uliozibwa, nikarudi.

Jumatatu, 14 Novemba

Onyesho la pili alilikamilisha Ijumaa. Leo asubuhi alifika kabla ya wote, akachonga penseli, akavaa miwani, akaanza onyesho la daraja. Karatasi ya kwanza.

Doris alishangilia tena, ila mara hii alikuwa peke yake. Clive alitazama sakafu. Nadhani sasa wanajua, kila mmoja pembeni yake, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kujua.

Jumamosi, 19 Novemba

Mvua. Mto umefunika ngazi ya chini ya Bi Crabtree. Amehamishia viazi juu.

Jumatatu, 21 Novemba

La tatu limekwisha. Bata hayupo. Bi kizee anageuka kutazama mahali bata alipokuwa.

Penhallow alipiga simu. "Bi Bairstow, wewe na mimi ni watu wazima. Niambie. Yuko sawa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo kwa siku kumi na moja, na jibu langu lilitoka kavu.

"Onyesho la mwisho amelichora mara tatu. Leo ameanza la nne."

Kisha kicheko. "La nne! Yule mzee atatuua. Mwambie tarehe tisa ni tarehe tisa."

Kila neno nililomwambia ni kweli. Mahakama yoyote ingelipokea. Nilipoweka simu chini, Bi Crabtree, aliyekuwa akimenya viazi, akasema, "Umemdanganya nani, mpenzi?" Nikamwambia sijamdanganya mtu. "Haya," akasema.

Alhamisi, 24 Novemba

Naandika kwa mpangilio, kwa sababu wengine wataanza kusimulia vingine.

Asubuhi Clive alikuwa anamalizia kupiga onyesho la mafuriko. Lililobaki ni la daraja tu, lile la Septemba lenye rangi: bi kizee, kandili, bata, kila kitu. Siku tatu za kamera. Mambo yalikuwa yanaelekea kuwa sawa. Maureen alikuwa ameniambia jana: "Achore anachotaka kuchora. Lile la kwanza lipo. Tutapiga hilo, naye hatajua, wala London haitajua."

Mchana Clive alikwenda rafuni kuchukua sanduku. Hakulikuta. Aliuliza wachoraji. Halafu tukasikia bomba la jikoni, ambalo lilikuwa likitiririka muda wote bila yeyote kulisikia.

Doris alikuwa amefika karibu na mwisho. Maji ya sinki ya kwanza yalikuwa ya rangi ya matope. Rangi zote zikichanganyika huwa matope. Plastiki zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba kwa vibanio, safi, zikidondosha maji.

Maureen alisema, "Doris. Zilikuwa ndani ya sanduku gani?"

"Hili." Doris alilisogeza kwa kiwiko. Kwenye kifuniko, kwa penseli ya buluu, alama ya vema. Pembeni yake, kwa mwandiko wa Sugden: Majaribio.

"Sanduku la majina pia lilikuwa na alama," akasema. "Ile picha ya mto ya kuwekea majina ya watu mwishoni. Nimeanza nalo." Kisha akaona nyuso zetu. "Alama ilikuwepo, Maureen. Alama ilikuwepo! Mimi niulize tangu lini?"

Hakuna aliyemlaumu. Wangemlaumu vipi? Angekataa, angekuwa amevunja sheria pekee ya nyumba.

Sugden alikuja mlangoni na kikombe akitaka chai. Alitazama plastiki zilizotundikwa.

"Vizuri," akasema. "Yale majaribio yalikuwa yananichanganya. Nikimaliza onyesho la daraja tutahitaji plastiki."

Doris alimmiminia chai. Akamtilia sukari mbili, akakoroga, akampa. "Haya mzee, kunywa ikiwa moto." Alipoondoka, Doris aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kufunika uso kwa aproni.

Ijumaa, 25 Novemba

Kikao bila Sugden, penye mimbari. Kunakili na kupaka rangi upya kunahitaji mwezi. Wana wiki mbili. Mmoja wa wapaka rangi alisema tuiambie London ukweli. Clive akasema, "Waambie, halafu ukamwambie na yeye kwamba mama yake anamaliziwa na watu wa matangazo ya biskuti."

Maureen alisema watapiga picha michoro yenyewe ya penseli. Karatasi tupu na mstari wa penseli, kama vile wanavyofanya kwa majaribio. Filamu yote ina rangi. Mwisho utakuwa bila.

"Itaonekana tumeishiwa," Clive akasema.

"Tumeishiwa."

"Na muziki? Bendi imesharekodi dakika nzima. Bi kizee anavuka kwa robo dakika, na picha ya mto ya majina Doris ameshaiosha."

"Tuna mara nne, hii ya sasa akiimaliza," Maureen akasema.

Jumatatu, 28 Novemba

La nne limekwisha. Hakuna kandili, hakuna bata, hakuna ubao wala reli. Bi kizee anatembea juu ya karatasi. Akigeuka kututazama, pale penye uso kuna duara la kichwa na msalaba mwepesi unaoonyesha macho yangekuwa wapi, kama mchoraji yeyote anavyoanza.

Ijumaa, 2 Desemba

Clive alituonyesha ukutani. Projekta ilinguruma. Filamu ya rangi inapita, nzuri, maji ya kijivu na kijani yanapanda. Kisha rangi inakatika kama taa iliyozimwa, na bi kizee wa penseli anavuka na kandili yake na bata wake. Anageuka. Anavuka tena bila kandili. Anavuka tena bila bata. Anavuka tena bila ubao, mbele ya weupe, na anapogeuka hana uso. Tarumbeta zinacheza wimbo wa kanisa polepole. Majina yanapita kando yake.

Hakuna aliyewasha taa.

"Mbona kama anahama na nyumba yake?" Doris akasema kutoka nyuma.

Clive alianza kurudisha mkanda.

Jumanne, 6 Desemba

Baridi. Sugden ameniuliza mara mbili mimi ni nani wa Clive.

Ijumaa, 9 Desemba

Penhallow alifika kwa treni ya saa nne, amevaa koti la sufu ya ngamia. Maureen alikuwa amemvalisha Sugden tai. Nilikaa safu ya pili, nyuma yao, ambako ningeweza kusikia.

Sugden alikuwa katika siku yake nzuri. Alimsimulia Penhallow hadithi ya Prewett. Mchoro ulitupwa dirishani, akashuka, akarudi. Hapakuwa na theluji, hapakuwa na basi. "Prewett yupi?" ningeweza kuuliza, na nadhani naye angeuliza hivyohivyo. Lakini neno la mwisho lilikuwepo, na Penhallow akapiga paja lake.

Taa zikazimwa. Sugden alitazama filamu yake yote akiwa ameinamia mbele, mikono magotini. Wakati wa mafuriko alisema "Vizuri" mara moja. Penseli ilipoanza, Penhallow alijisogeza kitini. Nilimwona Maureen ameshika ukingo wa kiti.

Bi kizee alivuka mara ya nne, akageuka, mkanda ukaisha ukapiga makofi kwenye gurudumu.

Sugden ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kazi.

"Nani kachora hiyo ya mwisho?"

Clive alikuwa ameweka mkono kwenye swichi. Hakuibonyeza.

"Ana mkono mzuri," Sugden akasema. "Lakini anamjua nusu tu huyo mama. Mwambieni arudie."

Kisha Penhallow akaangua kicheko, akampiga Sugden begani, akafuta macho. "Arudie! Mwambieni arudie! Edwin, wewe ni shetani. Huu ndio mwisho wa kijasiri kuliko yote niliyoiona, na wewe unataka urudiwe." Akamgeukia Maureen. "Hairudiwi. Naichukua leo. Na nataka nyingine kwa Krismasi ijayo, nusu saa, jinsi hii hii. Kwa penseli, kama akitaka."

Sugden alimtazama kwa adabu, kama alivyonitazama mimi kuhusu polisi.

Maureen alitazama kanisa: wapaka rangi wamesimama ukutani, Doris mlangoni na taulo. Ningesema neno wakati huo lingesikika. Nilikuwa na kalamu mkononi.

"Sawa," Maureen akasema.

Jumanne, 27 Desemba

Filamu ilionyeshwa jana. Nilitazama kwa Bi Crabtree. Alisema ilimtia baridi mgongoni, akaenda kuhakikisha mlango umefungwa. Magazeti ya London yanazungumzia ujasiri. Moja limesema Sugden ametuonyesha kumbukumbu inavyofutika, "kwa udhibiti kamili wa fundi".

Makala yangu ilitoka Ijumaa. Mhariri aliipa kichwa Mtu Asiyeridhika. Nimeisoma mara mbili nikitafuta kosa. Hakuna.

Jumatatu, 9 Januari 1984

Mvua imekoma, theluji imeanza. Nimekuja kuaga kabla ya kurudi Leeds.

Kanisa lina joto. Penhallow ametuma kreti ya plastiki mpya. Doris anasema zinateleza kama samaki. Sugden alikuwa mezani kwake tangu kabla ya wote, miwani puani, penseli mkononi.

"Njoo, binti. Njoo utazame anavyotembea."

Mbele yake palikuwa na rundo la karatasi kwenye vipini, limepangwa, kila moja ina namba yake kwenye kona, kwa mwandiko ule ule mnyoofu. Alilishika ukingoni kwa kidole gumba akaliachia, karatasi zikaanguka moja baada ya nyingine, haraka, kama wachoraji wote wanavyofanya ili mchoro uende. Macho yake yalifuata kitu kutoka kushoto kwenda kulia. Karatasi zilikuwa nyeupe. Zote.

"Umeona?" akasema.

Aliachia tena, polepole, kwa ajili yangu. Nilitazama kila moja.

"Umeona anavyogeuka?"

"Nimeona," nikamwambia.

Aliridhika. Alizitoa kwenye vipini, akazigonga mezani zikakaa sawa, akamnyoshea Maureen kupitia njia kati ya meza.

"Msafishie huyu mama."

Maureen alizipokea. Aliwasha taa ya chini ya meza yake, akaweka namba moja kwenye vipini, akaweka karatasi safi juu yake. Kisha akachonga penseli.